Hizo kilomita zinafika mpaka wapi? Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya maafa pwani ya kusini

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka pwani ya Kilwa. Nawaandikia ninyi mlioshika dhamana ya hali ya hewa na maafa, wa ngazi ya taifa na wa mikoa ya Pwani, Lindi na Mtwara. Naandika mapema, kabla Novemba haijaingia, maana msimu wa vimbunga ukishaanza kila mtu anakuwa mbioni na barua ndefu kama hii haisomwi.

Jambo langu ni moja. Taarifa za kimbunga siku hizi zinatufikia. Zikishatufikia, hatujui tufanye nazo nini.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024 nililala kwa bibi yangu mzaa mama. Nyumba yake ni ya fito na udongo, bati mbele, makuti uani, na kutoka barazani kwake hadi maji yanapokoma yakijaa si hatua mia mbili. Mjukuu wake wa darasa la sita ndiye aliyemsomea ujumbe ulioingia kwenye simu: kimbunga Hidaya kinasogea Mafia, upepo wa kilomita kadhaa kwa saa, mawimbi ya mita kadhaa, wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, kisha akauliza, "Hizo kilomita zinafika mpaka wapi? Hapa kwetu zinafika?"

Mtoto akamwambia, bibi, hizo ni za mwendo.

"Mwendo wa kwenda wapi?"

Tukacheka, na yeye akacheka. Halafu akainuka, akaufunga msahafu ndani ya mifuko miwili, akapandisha debe la mchele juu ya uchaga, akawafunga mbuzi wake sita kwenye mkorosho. Alipofika mlangoni akageuka, akawafungua, akawaingiza jikoni. Hiyo ndiyo tahadhari aliyoichukua. Sikuwa na nyongeza ya kumpa, na mimi nimesoma, na ule ujumbe niliusoma mara tatu. Ulisema upepo utakuwa na nguvu kiasi gani. Haukusema bahari itafika wapi, wala kama ni lazima tuhame, wala tuhamie kwa nani.

Nisije nikaonekana mtu asiye na shukrani. Kimbunga kile kilifuatiliwa tangu kilipoanza kujikusanya baharini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza siku kabla hakijatua. Boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimama, wavuvi wengi wakavuta vyombo nchi kavu. Babu zetu hawakuipata bahati hiyo. Kile cha Aprili 1872, enzi za Sayyid Barghash, kiliingia Unguja kikazamisha merikebu bandarini na kung'oa mikarafuu na minazi shamba kwa shamba, na hapo ndipo Pemba, iliyonusurika, ilipoanza kuwa kisiwa cha karafuu. Cha Aprili 1952 kiliipiga Lindi. Kwa hiyo ule usemi wetu kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska, huku kwetu havifiki, ni wa watu wenye kumbukumbu fupi. Ni kweli kwamba karibu na ikweta vimbunga ni adimu, kwa sababu mzunguko wa dunia pale hauna nguvu ya kutosha kuupindisha upepo uzunguke. Lakini Lindi na Mtwara ziko nyuzi kumi kusini mwa ikweta. Kumi si sifuri.

Sasa turudi kwenye maneno, maana hapo ndipo penye shida yangu.

Mnatupa rangi tatu. Njano ni angalizo, ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ofisini najua zina maana, kila moja na mezani kwake. Kwenye diko letu la wavuvi, angalizo na tahadhari ni neno lile lile limevaa kanzu mbili. Nilimuuliza nahodha mmoja tofauti yake, akanijibu, "Angalizo unaangalia. Tahadhari unaangalia sana." Usimcheke, mkubwa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ikifika rangi fulani anatakiwa awe ameshaondoa familia yake ufukweni kabla ya magharibi.

Halafu kuna hili la mawimbi. Taarifa zinasema mawimbi ya mita mbili, mita tatu, na sisi wimbi tunalijua toka tumboni mwa mama. Wimbi linakuja, linavunjika, linarudi. Lakini kimbunga hakileti mawimbi peke yake. Kinaisukuma bahari nzima, inapanda juu ya nchi kavu na kukaa huko kwa saa kadhaa, na mawimbi yanapigia juu ya hayo maji. Hicho ndicho kinachoua zaidi watu wa pwani duniani kote, na Kiswahili chetu cha matangazo hakijakipatia jina ambalo bibi atalielewa.

Wafilipino yaliwakuta haya. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, ambacho wao wanakiita Yolanda, kiliingia Tacloban katika kisiwa cha Leyte. Onyo lilitolewa mapema, redioni na kwenye televisheni, na lilisema wazi kwamba bahari itapanda, ila lilisema kwa istilahi ya Kiingereza ambayo wataalamu wanaitumia na wavuvi hawaijui. Watu walikifahamu kimbunga kama upepo na mvua, wakafunga madirisha wakabaki. Wengine walikimbilia majengo yaliyotengwa kwa hifadhi, na maji yakawafuata humo humo. Waliokufa nchini humo walipita 6,000. Baadaye waathirika wengi walisema: mngetuambia inakuja kama tsunami, tungekimbia. Nchi yenye wataalamu, yenye vimbunga kila mwaka, ikapoteza watu kwa sababu ya neno moja lisiloeleweka mtaani.

Ndiyo maana nawaomba mtuandikie kwa maneno ya pwani. Semeni "bahari itapanda mpaka msikitini". Semeni "maji yatavuka barabara ya bandarini". Wataalamu wakiona hilo si la kisayansi, wachukue ramani na mtu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufukwe na uvuvi, wa kila kijiji, watembee naye ufukweni asubuhi moja tu, wamuulize maji makubwa kabisa aliyowahi kuyaona yalifika mti gani. Atawaonyesha huo mti.

Na tuambieni mwezi. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, kwa sababu sijaona taarifa hata moja inayogusa jambo hili, na kwa sisi ndilo la kwanza.

Hidaya alipotua, mwezi ulikuwa umebakiza siku chache kuandama. Mfungo Mosi, yaani Shawwal, ulikuwa na siku kama ishirini na tano. Kila mtu wa baharini anajua maana yake: maji mafu. Bahari haijai sana wala haikupwi sana. Maji yoyote ambayo kimbunga kiliyasukuma yalipandia juu ya bahari iliyokuwa imelegea. Angechelewa siku tano tu angetukuta kwenye bamvua la mwezi mwandamo, siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, na bamvua hapa kwetu, hata bila upepo, linalowesha mizizi ya minazi ya mbele. Sasa weka kimbunga juu yake. Kimbunga Kenneth naye, tarehe 25 Aprili 2019, alikuja maji mafu. Kimbunga Idai aliyeiangamiza Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14 Machi mwaka huo huo, mwezi ulikuwa nusu, bamvua halikuwepo. Kimbunga Chido hakutoa nafasi hiyo: alipiga Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, tarehe 14 Desemba 2024 na Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, siku iliyofuata, mwezi mpevu.

Kwa hiyo tulichonusurika nacho 2024, kwa upande wa bahari, sehemu kubwa ni kalenda. Mkituandikia "kimbunga kitafika kesho saa nane mchana, maji yatakuwa yanajaa, na ni bamvua", hakuna nahodha wala bibi kizee wa Kilwa atakayehitaji mtoto wa darasa la sita kumfafanulia. Ataanza kufunga mizigo kabla hamjamaliza sentensi.

Kuna jingine ambalo lingetusaidia sana kama lingesemwa. Katika nusu hii ya dunia upepo wa kimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki kuelekea kwetu, walio kusini mwa kitovu ndio wanaopigwa na upepo unaotoka baharini moja kwa moja, pamoja na mvua yake. Siku ile nchi nzima ilikuwa inaitazama Mafia, na ilikuwa haki kuitazama, lakini sisi tuliokuwa kusini mwake tulijiona tumepona kwa sababu jina letu halikutajwa kwanza. Kumbe kaskazini ya kitovu na kusini yake si sawa. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ilikatika Kilwa, pale Somanga na Mikereng'ende. Maji yalibeba makalavati na tuta lote, malori yakapanga foleni pande mbili, na mikoa ya kusini ikabaki imeninginia kwa siku kadhaa. Mgonjwa aliyekuwa anapelekwa Muhimbili alikuwa anaitazama ng'ambo. Sitasema mengi juu ya barabara, wahandisi wameshaambiwa na wengi.

Nakuja kwenye swali la pili la bibi, ambalo hakuliuliza kwa mdomo: tuhamie wapi?

Kijijini kwetu, mahali pa juu penye jengo imara ni shule. Usiku ule watu wachache, wengi wao kina mama wenye watoto wadogo, walipandisha kwenda huko wenyewe, bila kuambiwa na mtu. Walikuta madarasa yamefungwa kwa kufuli. Ufunguo alikuwa nao mwalimu mmoja, na yeye mwisho wa wiki alikuwa amekwenda mjini kwao, kama ilivyo haki yake. Hakuna aliyemwambia kwamba shule yake ni kimbilio. Wale kina mama walikaa kwenye veranda mpaka alfajiri, wameegemea ukuta upande usio na upepo, kanga wamewafunika watoto. Mvua ilikuwa inaingia kwa ubavu. Simtaji mwalimu, simtaji mtendaji, wala kijiji sikitaji, kwa sababu sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na kufuli.

Mtasema nchi yetu haina fedha za kujenga majumba ya vimbunga. Bangladesh nayo haikuwa nazo. Mwaka 1970, ikiwa bado Pakistan ya Mashariki, kimbunga cha Bhola kiliua watu laki tatu au zaidi kwa usiku mmoja, bahari ilipopanda juu ya visiwa vya mdomo wa mto. Mwaka 1991 kingine kikaua takriban 138,000. Ila tangu miaka ya sabini walikuwa wameshaanza kuwaandaa watu wa kujitolea wa vijijini, wenye vipaza sauti, bendera na baiskeli, wakaendelea kuongeza majengo ya kukimbilia yaliyoinuliwa kwa nguzo, ambayo siku za kawaida ni shule. Walijifunza pia kwa uchungu kwamba wanawake wengi walikufa wakisubiri mume arudi awape ruhusa ya kutoka, au kwa kuona aibu kujazana na wanaume wasiowajua, hivyo wakaingiza wanawake wengi miongoni mwa hao wa kujitolea. Na kwamba mtu hataki kumwacha ng'ombe wake, hivyo wakainua na vilima vya udongo kwa ajili ya mifugo. Mwaka 2020 kilipokuja Amphan walihamisha watu zaidi ya milioni mbili, na waliokufa Bangladesh hawakufika 50. Bahari ni ile ile. Umaskini upo. Jirani zetu wa Msumbiji nao wana kamati za vijiji zenye bendera za rangi.

Bibi yangu, kwa taarifa yenu, hatoki nyumbani bila mbuzi. Mpango wowote usio na mahali pa mbuzi sita ni mpango ambao yeye hayumo, na hayuko peke yake.

Mayotte wanatufundisha jambo lingine, chungu zaidi. Chido alipiga kisiwa kile kwa upepo uliopita kilomita 200 kwa saa na kuvifuta vibanda vya mabati vya Kawéni na vilima vinavyozunguka Mamoudzou. Waliokuwa wakiishi humo wengi ni watu waliovuka kutoka visiwa vya Komoro, Ngazija, Nzuwani na Mwali, bila karatasi. Majengo ya kukimbilia yalifunguliwa, lakini baadhi yao waliogopa kwenda, wakidhani ni mtego wa kuwakamata. Takwimu rasmi zilitaja takriban watu 40 waliokufa na wengine kama idadi hiyo wasiojulikana walipo, na mpaka leo wapo wasioiamini hesabu hiyo, kwa sababu Waislamu huzika siku hiyo hiyo na mtu asiye na karatasi hana wa kumwandikisha hata akifa. Mtu ambaye kila siku anafukuzwa na dola hawezi kuikimbilia dola usiku wa kimbunga. Na kwetu wapo wanaoiona gari ya serikali ufukweni wakajua ni operesheni ya nyavu haramu. Mkituma mgambo wale wale kuja kutuhamisha, tegemeeni watu kukimbilia mikokoni badala ya shuleni. Tumeni watu wetu: kiongozi wa BMU, mwalimu wa madrasa, mama wa kikundi cha mwani. Kipaza sauti cha msikiti kinafika mahali mtandao wa simu haufiki, na ule mtandao ndio hukatika wa kwanza minara ikikosa umeme.

Suala la watu kuliamini onyo limenifikisha kwenye Kenneth tena. Mwaka 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wahame, shule na maduka yakafungwa, na kimbunga kikapinda kikapiga ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Mwaka 2021 tukaambiwa Jobo anakuja, akaja amenyong'onyea. Mpaka leo mtaani utasikia, "Si mlisema Kenneth?" Wanasema hivyo kama vile aliishia baharini. Hakuna aliyerudi kuwaambia Wamtwara kwamba katika kisiwa cha Ibo na miji ya Macomia na Quissanga, kwa watu tunaooana nao na wanaosema Kimwani ambacho mvuvi wetu anakielewa nusu kwa nusu, kimbunga kiliwaangukia wao na kuua makumi ya watu huko. Onyo halikuwa la uongo. Mkishatangaza kwamba hatari imepita, tafadhali ongezeni sentensi mbili: kimekwenda wapi, na kimewafanya nini wa huko. Msipofanya hivyo, kila onyo lisilotimia kwetu linaua lile linalofuata.

La mwisho ni kuhusu kuhesabu. Baada ya Hidaya alikuja kijana mwenye daftari kuandika hasara. Mpole, mwenye adabu. Aliandika nyumba zilizoanguka na zilizoezuliwa. Jirani yangu akamwambia nyumba yangu nzima, ila jarife langu, wavu wangu mkubwa, limekwenda na mashua imepasuka mkuku. Kijana akatafuta kwenye fomu yake pa kuandika jarife, akakosa, akaandika pembeni kwa penseli. Mke wa jirani alikuwa na kamba za mwani arobaini, zote zilikatika. Hizo hazikuandikwa hata kwa penseli. Kwa mujibu wa daftari, nyumba ile haikupata hasara, na ndiyo nyumba iliyokuwa inalisha watu tisa. Jirani aliuza bati za uani kununua nyuzi. Yaani kimbunga kilichoacha paa lake ndicho kilichomwezua, ila miezi miwili baadaye, na hapakuwa na daftari tena.

Beira walilijua hilo kwa kiwango kikubwa kuliko chetu. Idai alifika Machi, mahindi yakiwa karibu kuvunwa, akazamisha mashamba; maji yalipoanza kupungua kikaja kipindupindu, maelfu wakaugua, na kilichowazuia kufa kwa mamia ni chanjo iliyofika haraka. Malawi, alipopita Freddy mwaka 2023 baada ya kuvuka Bahari ya Hindi nzima na kudumu zaidi ya mwezi, zaidi ya watu 500 hawakuonekana tena chini ya tope la milima ya Blantyre na kwingineko, mbali na mamia waliozikwa. Familia hizo hazina kaburi wala cheti.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ongezeni kwenye fomu mistari ya chombo, nyavu, mwani na mifugo. Chagueni jengo moja kila kijiji cha pwani, fundi apande juu aangalie kenchi na misumari, na ufunguo wa pili akae nao mtu asiyesafiri. Andikeni jina la jengo hilo kwenye ujumbe wa simu. Na njooni mfanye zoezi moja kabla ya msimu, la kweli, la watu kutembea kwa miguu na watoto na mbuzi, tujue linachukua dakika ngapi.

Siku chagueni wenyewe. Ila isiwe Ijumaa mchana, na msije siku za bamvua, kwa sababu siku hizo bahari ikipwa wanawake wote wako mwambani kutafuta pweza, mtatukuta wanaume watupu barazani tunacheza bao.

Wenu,
Mkazi wa pwani ya Kilwa